Siku Ambayo Sikuita

Mwanangu Athmani,

Nakuandikia alasiri hii ukiwa umekwenda Changamwe kukata tikiti. Najua hutarudi upesi, maana kila baraza utakayoipita watakuita ukae unywe kahawa ya kuagana. Kinu nimekifunga leo. Ngamia wetu Bibi Harusi amelala kivulini anatafuna, na nyumba imetulia hata naisikia kalamu ikikwaruza.

Barua hii nitakupa mkononi ukirudi. Tafadhali isome leo, usingoje kuisomea ndani ya gari la moshi. Ndani yake mna jambo linalokuhusu, nami nataka uwe na nafasi ya kuniambia neno kabla hujaondoka.

Mambo ya blanketi, na baridi ya Nairobi, na maji ya kuchemsha, na watu wa kuepukana nao, shangazi yako Mwanahalima amekwisha kukwambia. Ameyarudia mara nyingi mpaka nadhani hata ngamia anayajua. Mimi sina la kuongeza hapo. Nitakwambia kuhusu barua nyingine iliyopata kuingia nyumba hii.

Unakwenda kuwa karani katika afisi ya wakili. Utakaa mbele ya taipu, na barua zitakazotoka mikononi mwako zitakwenda katika nyumba za watu usiowajua. Mimi niliwahi kuwa mtu wa upande ule mwingine, yule anayefikiwa na barua. Hukujua, kwa sababu nilikuficha.

Unaikumbuka kazi yetu ilivyo, lakini nitaieleza kama kwa mtu asiyeijua, maana siku utakayokuwa na wanao huenda vinu vya ngamia vikawa havipo tena. Simsim inamiminwa ndani ya kinu. Mchi umelala upande, umefungwa kwenye boriti, na boriti inavutwa na ngamia aliyefunikwa macho azunguke bila kizunguzungu. Mtu mmoja anamwendesha ngamia. Mwingine anainama juu ya kinu, anazirudisha mbegu katikati kwa mkono kila zinapopanda ukingoni. Anayeendesha yuko nyuma ya mnyama, haoni mkono wa mwenzake. Kwa hiyo kila mara ngamia akisimama, kabla hajaondoka tena, mwendeshaji huita, "Mkono?" Na yule wa kinuni akishautoa hujibu, "Ninao." Baba yangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na babake. Mtu haendi mpaka ajibiwe. Ni neno dogo sana, na kwa siku tulilisema mara mia bila kulisikia.

Wa kinuni alikuwa ami yako Mwero. Wewe ulimwita ami tangu ulipoanza kusema, na wageni wakadhani ni ndugu yangu wa tumbo moja, mpaka wasikie Kirabai chake. Alikuja hapa Jomvu na gunia moja la simsim kichwani, akitaka likamuliwe. Siku hiyo nilikuwa peke yangu, akanisaidia ili zamu yake ifike upesi. Jua likatua, mamako akampa chakula, akalala kwenye kibanda cha nyuma. Asubuhi akaamka akamtazama ngamia na kile kitambaa machoni, akasema, "Huyu mmemfunika kama bibi harusi, na mume mwenyewe haji." Jina likaganda hapo. Mwero akakaa miaka kumi na moja.

Sikumwandika popote. Kila Ijumaa tulikaa jamvini tukagawana mafuta na mashudu, yale makapi ya mbegu, na alipooa Kadzo, vitu vya posa tulibeba pamoja. Hakuna aliyeona haja ya karatasi. Nani anamwandikia karatasi mtu wa nyumbani?

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Ilikuwa wakati wa vita, mafuta yakitafutwa kama dawa, na mwezi wa Ramadhani umekaribia. Wewe ulikuwa kisiwani kwa mjomba wako kwa ajili ya shule, ukija Ijumaa kwa Ijumaa. Mfanyabiashara mmoja alileta lori mpaka barabarani, akasema ana safari, kama mafuta hayako tayari atakwenda kwa mwingine. Akawa anapiga honi. Kila honi ilinipiga hapa kifuani. Bibi Harusi alikuwa amesimama, na Mwero ameinama kinuni anatafuta kijiwe alichokisikia kikisagika. Honi ikalia tena. Nikampiga ngamia kofi la ubavuni.

Sikuita, mwanangu.

Nimeyaandika maneno hayo nikaweka kalamu chini kidogo. Miaka yote hii sijapata kuyaona kwenye karatasi.

Mwero hakupiga kelele. Alitoa sauti kama mtu aliyeinua mzigo mzito, basi. Nilipomsimamisha ngamia na kuzunguka, alikuwa ameketi chini ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, ananitazama usoni. Akasema polepole, "Bakari, hukuita." Hakulirudia tena. Mamako alikuwa mlangoni anapepeta, alisikia yote. Alikuja mbio, akaipasua leso yake mpya katikati, akaufunga mkono. Ilikuwa ile ya maua mekundu uliyopenda kujifunika ukija Ijumaa. Ukaniuliza siku moja imekwenda wapi, nikasema imechakaa.

Lori lile lile ndilo lililompeleka hospitali. Vidole vitatu havikufaa, vikakatwa.

Wewe ulipokuja Ijumaa nilikwambia amekwenda kwao kidogo. Nilikwenda kumzuru kila siku, nataka ulijue hilo pia. Nilivuka daraja la Makupa kwa miguu na kopo la uji, nikaketi chini kando ya kitanda. Aliniuliza habari za ngamia, na kama nimepata mtu wa kuinama kinuni. Siku moja akanitania, "Mtafute mwenye vidole vya akiba." Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, kwamba sikuita. Kila siku nikasema kesho.

Kisha ikaja barua. Shemeji yake Mwero, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alimpeleka kwa wakili mara alipotoka hospitali. Simlaumu. Mwanamume ana mke, na mkono wake wa kulia umebaki na kidole gumba na cha shahada. Barua ililetwa na mtu wa baiskeli. Mamako alikuwa anakanda unga, akaipokea kwa ncha za vidole viwili asiichafue, akaiweka juu ya mtungi, akaifunika kawa isirushwe na upepo. Nilipotoka msikitini ndivyo nilivyoikuta, imefunikwa kama sahani ya chakula.

Ilikuwa ya Kiingereza. Nilisoma jina langu na jina la Mwero, na hayo mengine yakanipita. Nilikuwa na mwana anayesoma Kiingereza, ambaye angekuja Ijumaa akanisomea. Ilikuwa Jumatatu. Sikungoja. Nafsi ilikuwa inajua kilichomo, nami sikutaka kisemwe na sauti yako.

Nikaipeleka kwa mwandishi wa barua, mmoja wa wale waliokuwa wakikaa na taipu karibu na korti. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, ana kofia imekaa upande. Aliisoma kimya akitikisa mguu, kisha akaniambia wakili anauliza mambo mawili. Je, Mwero ni mfanyakazi wangu? Na je, alipataje kuumia?

"Una karatasi ya kumwajiri?" akaniuliza.

"Sina."

"Alhamdulillahi. Mshahara?"

"Tulikuwa tukigawana."

"Akilala wapi?"

"Kwangu, mpaka alipooa."

"Akila wapi?"

"Kwangu."

"Basi mzee, huyo si mfanyakazi. Huyo ni mgeni aliyekawia kuondoka."

"Miaka kumi na moja?"

"Wako wageni wasio na haya," akasema, na watu waliokuwa wakingoja zamu wakacheka. Nami nikacheka, Athmani. Kicheko hicho bado nakisikia.

Akauliza la pili. "Kuna utaratibu wowote wa kumwonya mtu kabla mnyama hajaondoka?"

Nikamweleza habari ya kuita.

"Na siku hiyo uliita?"

Alikuwa ameinua vidole juu ya taipu, anangoja. Ni kitambo kidogo mno, kama kumeza mate. Nikasema, "Niliita."

Taipu ikaanza kulia. Alipomaliza alinisomea kwa Kiswahili: kwamba mtu huyo hakuwa mfanyakazi wangu bali mgeni aliyejitolea kwa hiari yake, na kwamba niliita kama ilivyo desturi, naye hakuutoa mkono kwa uzembe wake mwenyewe. Nikatia sahihi. Unajua ninavyojivunia mwandiko wangu. Niliandika jina langu lote, na la baba yangu, herufi nzuri zilizosimama sawasawa. Nilikuwa nimemtajia kopo la uji, na nilipokuwa naondoka akaniita, "Mzee, usiende tena kumtazama. Ukionekana na kopo la uji, wakili wake atasema umekwenda kukiri."

Hilo ndilo lililoniuma zaidi, na ndilo nililolitii upesi zaidi.

Jioni mamako aliniuliza, "Umeandika nini, Baba Athmani?"

"Nimejibu barua."

"Barua umeijibu. Na Mwero, umemjibu nini?"

Nikamwambia mambo ya wakili si kama mambo ya jikoni. Hakukasirika. Akaendelea kuosha vyombo, kisha akasema, bila kugeuka, "Umeandika kuwa uliita?"

"Ndiyo."

"Haya," akasema. Tuliishi pamoja miaka ishirini, na sikupata kuambiwa neno zito kuliko haya ile.

Ijumaa ulipokuja nilikwambia Ami Mwero amerudi kwao kabisa. Uliuliza mbona hakukuaga. Nikasema alikuwa na haraka. Ukaenda kibandani ukakuta ameacha yule ngamia wa mti aliyekuwa akikuchongea, shingo imekwisha na miguu bado. Ulikuwa mkubwa wa kutolia, lakini niliona umemtia mfukoni.

Miezi ikapita, barua ya pili haikuja. Nikajiambia kuwa nimeshinda. Nilimweka mtu wa kinuni, akaondoka, nikamweka mwingine. Niliwaita wote, "Mkono? Mkono?" mpaka wakaniona mzee mwenye wasiwasi.

Na kila Alhamisi mamako alivaa buibui lake, akachukua ile chupa ndogo ya kizibo cha kijani akaijaza mafuta, akasema anakwenda Miritini kumtazama mgonjwa. Hakutaja mgonjwa gani, nami sikuuliza. Kadzo na Mwero walikuwa wamehamia Miritini. Alikuwa akirudi na miguu ina vumbi, chupa tupu, na siku nyingine mihogo miwili mitatu iliyofungwa kwa ukambaa, akaichemsha, nami nikaila. Nilijua imetoka shamba la nani. Nilikula nikashiba.

Homa iliyomchukua mamako ulikuwapo, sina haja ya kukueleza. Wewe ulikuwa ukimbadilishia kitambaa cha kipaji cha uso. Kuna jambo moja hukulisikia, kwa kuwa ulikuwa umekwenda kuteka maji. Alinishika mkono akaniambia, "Alhamisi hii, chupa ipeleke wewe." Nikasema inshallah, na moyoni sikukusudia kwenda. Nilidhani atapona aipeleke mwenyewe. Akafa Jumanne.

Basi utakumbuka Alhamisi ile ya matanga. Watu wamejaa, wanawake ndani, na nyuma ya nyumba mtu anapasua kuni kwa mkono wa kushoto. Ulikuja kunong'ona, "Baba, ni Ami Mwero. Mbona anashika shoka hivyo?" Nikakwambia amezoea. Hata siku ile, na mamako bado udongo wake haujakauka, nilikudanganya.

Mwero alikuwa amekuja tangu Jumanne. Hakuitwa na mtu. Alisimama nje ya ukuta wa makaburi tulipokuwa tukizika, kisha akaja akachukua shoka. Nikaingia ndani, nikaitoa ile chupa, nikaijaza, nikatoka nayo nyuma. Alisimama akajifuta jasho.

"Mama Athmani amesema nikuletee," nikamwambia.

Aliipokea kwa vile vidole viwili, akakitazama kizibo.

"Mwero," nikasema, "sikuita."

"Najua," akasema. "Nilikuwapo."

Nilitaka kucheka na kulia, nikakaa juu ya kuni. Naye akakaa. Nikamuuliza mbona kesi ilikufa. Akasema wakili alipoisoma barua yangu alimwambia wanahitaji shahidi, mtu aliyekuwapo. Na aliyekuwapo alikuwa mmoja.

"Nikamwambia wakili hakuwapo mtu," akasema. "Yule mwanamke alinifunga jeraha kwa leso yake mpya. Nimwite kortini asimame ashuhudie kuwa mumewe mwongo? Akirudi nyumbani, wangekula nini usiku ule?"

Hivyo ndivyo nilivyoshinda, mwanangu. Nilishinda kwa sababu mtu niliyemwita mgeni aliitunza nyumba yangu kuliko mimi.

Siku ya kuondoa matanga alisimama barabarani akasikiliza kinu, akaingia akasema, "Kinalia vibaya. Nani amefunga boriti hii, fundi cherehani?" Akaifungua akaifunga upya. Tangu hapo amerudi, kama ulivyomwona, na mkono unaoinama kinuni sasa ni wa kushoto. Ninamwita kila mara, naye hunijibu kila mara. Siku nyingine hunitesa kidogo. Nikiita, "Mkono?" hunyamaza, hunyamaza, mpaka nianze kuzunguka nimtazame, ndipo aseme, "Ninao, ninao, uliobaki."

Sasa lile linalokuhusu. Barua yangu ya uongo bado imo katika faili ya wakili yule, na jina langu na la babu yako chini yake. Mwero amesamehe, lakini karatasi haikusamehe, imekaa tu. Nimeandika nyingine, kwa mkono wangu, kwa Kiswahili. Haina maneno mengi. Inasema Mwero alikuwa mtu wa kazi wa kinu hiki miaka kumi na moja, na kwamba siku ile sikuita. Na chini yake nimeandika kuwa nusu ya kinu, na ngamia, na kiwanja kinachozungukwa, ni mali yake tangu leo, na baada yake ni ya Kadzo na watakaotoka kwao.

Kinu hiki ndicho ningekuachia. Sina kingine. Nimekata nusu ya kilicho chako kulipia kosa ambalo si lako, na sikutaka ulisikie hilo kutoka barazani ukija likizo. Mwero mwenyewe hataki. Jana amenigombeza: "Utanirudisha kwa wakili, Bakari? Viti vyake vina misumari." Na akasema, "Mtoto je?" Nikamjibu nitamuuliza mtoto.

Kwa hiyo nakuuliza. Kesho, ukishaondoka, nakusudia kuvuka Makupa niipeleke kwa wakili yule. Tutakuwa na njia nzima ya kwenda stesheni. Ikiwa moyo wako unauma kwa hii nusu, niambie, hata kwa ukali, nami nitakusikiliza, kwa maana safari hii sitaki kumpiga ngamia kofi na mkono wa mtu uko kinuni. Siahidi kuwa nitabadili niliyoyaandika. Nakuahidi kuwa nitangoja kusikia.

Na huko afisini kwako, watakapokupa barua ya kupiga taipu, ipige vizuri, ni riziki yako. Ila jua kuwa itapokewa na mtu mwenye unga mikononi. Na siku mtu mzima akija mbele yako na barua asiyoweza kuisoma, akakutazama vidole vyako vilivyo juu ya taipu, mpe muda. Usimchekeshe. Huenda yuko karibu kusema kweli.

Sanduku lako Mwero amelifunga kamba, na fundo analijua mwenyewe, itabidi ulikate. Amesema atalibeba yeye mpaka Changamwe, nimeshindwa kumkataza. Ndani, chini ya shuka, utakuta nusu ya leso ya maua mekundu, ile iliyobaki. Mamako aliikunja akaiweka na nguo zako za utoto. Na yule ngamia wa mti nimemwona mezani kwako. Mpe Mwero usiku huu, amesema miguu ataimaliza kabla ya alfajiri.

Kesho mtu wa filimbi atafunga milango ya gari kwa nguvu, kama wafanyavyo, naye hatazami nani ameshika wapi. Mimi nitasimama chini ya dirisha lako. Nitakuita kama ninavyomwita ami yako, na watu wote wasikie, usione haya.

Nijibu, Athmani. Lile gari litaondoka hata usiponijibu, lakini mimi sitaondoka pale mpaka nikusikie.

Babako,
Bakari